Msamiati wa hadithi Darasa la Tatu: maneno manne yanayorudiwa yanafaa kuliko kumi na mawili yanayonakiliwa

Swali

"Nafundisha Kiswahili Darasa la Tatu katika shule ya kijijini mkoani Shinyanga. Kila wiki tunasoma hadithi moja. Kabla ya kusoma huandika ubaoni maneno mapya 12 na maana zake, wanafunzi huyanakili, tunayatamka pamoja, kisha tunasoma. Wiki iliyopita hadithi ilikuwa ile ya fisi aliyefika njiapanda akanusa nyama pande zote mbili, na maneno yalikuwa njiapanda, karamu, mnofu, mbuga, harufu, kunusa, tamaa, kusita, kuamua, kuduwaa, kijito na kupasuka msamba. Leo nimewauliza, na wachache tu wamekumbuka. Hata hao wanakariri maana lakini hawawezi kutunga sentensi. Nina wanafunzi zaidi ya 80, wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, kitabu kimoja husomwa na wanafunzi watano, na kamusi hatuna. Nifanye nini? Na je, niache kabisa kuwapa kazi ya kunakili?"

Jibu

Mwalimu, utaratibu uliouelezea ndio unaofuatwa na walimu wengi nchini, na ndio wengi wetu tuliofundishwa nao, kwa hiyo usidhani kwamba kuna uzembe upande wako au upande wa wanafunzi wako. Kasoro imo katika utaratibu wenyewe. Maneno ni mengi kupita kiasi na yamepangwa pamoja bila kupambanuliwa, maana zake zinatolewa kabla mtoto hajaona haja ya kuzijua, na kipindi kikiisha hakuna anayeyagusa tena hadi siku ya kuulizwa. Ukiyarekebisha hayo, wingi wa wanafunzi na uhaba wa vitabu vitaendelea kukulemea, lakini havitazuia watoto wako kujifunza maneno.

Nianze na wingi. Hadithi ya Darasa la Tatu yenye maneno 200 hivi, ikiwa na maneno 12 mageni, ina maneno sita yasiyojulikana katika kila mia. Mwaka 2000 Hu na Paul Nation walionesha kwamba msomaji anayejifunza Kiingereza huhitaji kuyajua maneno 98 hivi katika kila 100 ili aielewe hadithi vizuri bila msaada wa mtu. Kiwango hicho kilipimwa kwa wasomaji watu wazima, tena katika lugha isiyobeba sentensi nzima ndani ya neno moja kama Kiswahili kinavyofanya tunaposema "hakumtambua", kwa hiyo sikushauri ukitumie kama kanuni kwa watoto wako. Hata hivyo mwelekeo wake ni wa kweli: ikiwa maneno yote 12 ni mageni, basi hadithi hiyo haifai kusomwa na mtoto peke yake, na inapaswa kwanza isomwe na wewe kwa sauti huku wao wakisikiliza.

Lakini je, yote 12 yalikuwa mageni? Nina shaka. Mtoto wa Shinyanga anayechunga mbuzi jioni anaijua mbuga, anaijua harufu, na amewaona mbwa wakinusa tangu hajaanza shule. Huenda anavijua vitu hivyo kwa Kisukuma tu, lakini hilo ni jambo jingine, nami nitalirudia baadaye. Kabla ya kuandaa orodha, tenga dakika chache siku moja kabla ya somo ujaribu kujua wanachokijua. Usiwaulize "Nani anajua maana ya kunusa?", kwa sababu mikono itanyooshwa na wanaojua na wasiojua pamoja. Waambie, "Nioneshe unavyonusa ua," kisha utazame ni wangapi wanafanya na wangapi wanamchungulia jirani kwanza. Utashangaa jinsi orodha yako itakavyopungua kabla hujaanza kufundisha.

Katika maneno yatakayobaki, chagua. Hapa wapo wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani, Isabel Beck na Margaret McKeown, ambao mgawanyo wao umewasaidia walimu wengi. Wao huyapanga maneno katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni maneno ya kila siku ambayo mtoto huyapata nyumbani na uwanjani bila kufundishwa. Daraja la tatu ni maneno ya fani au mazingira maalumu, ambayo mtoto atayakuta mara chache. Kati yake kuna daraja la pili, yaani maneno yasiyosikika sana katika mazungumzo ya watoto lakini yanayojitokeza tena na tena katika hadithi, katika habari, katika mahubiri na mawaidha, na katika vitabu vya masomo mengine. Nguvu yako kubwa iende kwenye daraja hilo la pili. Walifanya kazi yao kwa Kiingereza, lakini swali wanalotufundisha kujiuliza linafaa katika lugha yoyote: mtoto akilijua neno hili leo, atakutana nalo wapi tena?

Nikilitumia swali hilo kwa orodha yako, ninabaki na maneno manne: njiapanda, tamaa, kusita na kuamua. Njiapanda ninalichukua kwa sababu bila neno hilo hadithi nzima haieleweki. Tamaa ndiyo inayomsukuma fisi, na mtoto atalikuta neno hilo katika hadithi nyingine nyingi na katika methali. Kusita na kuamua ni vitendo vya moyoni ambavyo watoto huvifanya kila siku lakini hawana jina lake la Kiswahili, nayo ni maneno ambayo vitabu vyao vya miaka ijayo vitayatumia bila kuyaeleza. Karamu na mnofu nitayaeleza kwa maneno machache tu wakati wa kusoma: "karamu, yaani watu wamekusanyika kula na kufurahi", "mnofu, nyama isiyo na mfupa". Kijito nitakichora. Kuduwaa ni neno zuri la daraja la pili, lakini linaweza kusubiri hadithi nyingine ambamo litakuwa na kazi kubwa zaidi. Na kupasuka msamba hakuhitaji kufundishwa, kwa kuwa hadithi yenyewe inakuonesha: fisi anatia miguu ya kulia njia hii na ya kushoto njia ile, watoto wanacheka, na wote wameelewa.

Niongeze hapa jambo moja linalowahusu walimu wa bara. Baadhi ya hadithi zetu zimeandikwa kwa mazingira ya pwani, nazo zimejaa ngalawa, tanga, kupwa na kujaa kwa maji. Mwalimu wa Kishapu au Kahama hupoteza nusu kipindi akihangaika na maneno hayo kwa sababu ndiyo yanayoonekana magumu zaidi. Chora picha, sema neno moja, endelea. Ugumu wa neno si sababu ya kutosha ya kulifundisha kwa kina, na maneno mepesi mepesi kama "hatimaye", "ijapokuwa" na "badala ya", ambayo hakuna anayeyaandika ubaoni, huwaangusha watoto katika ufahamu kuliko ngalawa.

Sasa utaratibu wa somo. Kabla ya hadithi, fundisha neno lile tu ambalo kukosekana kwake kutamwacha mtoto nje ya kisa. Kwa hadithi yako ni njiapanda peke yake. Watoe nje, chora njiapanda kwa kijiti kwenye udongo, msimamishe mtoto mmoja pale njia zinapogawanyika, umuulize anaweza kwenda wapi na wapi. Dakika tatu zinatosha. Kisha rudini darasani uwasomee hadithi yote kwa sauti, bila kusimamasimama, kwa sauti ya msimuliaji ambaye anataka asikilizwe. Watoto wanaelewa kwa kusikia mengi kuliko wanayoweza kuyasoma wenyewe, na mtoto aliyekwisha kuvutwa na kisa atataka mwenyewe kujua kwa nini fisi alisimama.

Usomaji wa pili ndio wa maneno. Soma tena, na ukifika kwenye neno ulilolichagua, lieleze kwa sentensi moja, kisha endelea. Si mbinu ya kubuni. Mwaka 1989 Warwick Elley wa New Zealand alichapisha matokeo ya utafiti wake kwa watoto wa miaka saba na minane waliosomewa hadithi zaidi ya mara moja. Watoto walijifunza maneno hata pale mwalimu alipowasomea bila kueleza chochote, lakini pale mwalimu alipotia maelezo mafupi alipofika kwenye neno, maneno waliyojifunza yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Zingatia, Mwalimu, kwamba utafiti huo haukuhitaji kamusi, wala kitabu kwa kila mtoto. Ulihitaji hadithi nzuri, mwalimu anayesoma kwa sauti, na hadithi ile ile irudiwe.

Baada ya hapo ndipo neno lifundishwe kwa kina. Nitakuonesha kwa neno moja, kusita, kwa sababu ndilo linalosumbua zaidi kati ya yale manne.

Naamini ubaoni uliandika kitu kama "kusita: kuwa na mashaka juu ya jambo". Mtoto wa Darasa la Tatu asiyejua kusita hajui mashaka pia, kwa hiyo ameambiwa neno gumu kwa neno gumu zaidi. Zaidi ya hayo, wengi wao wanalijua "sita" kama namba. Mtoto akikujibu kwamba sita ni namba inayofuata tano, mkubalie, kwa sababu ametumia ujuzi alio nao, kisha umwambie kwamba leo kuna kusita kwingine kusikohusu hesabu. Isome tena sentensi ya hadithi: "Fisi alipofika njiapanda, alisita." Halafu toa maelezo kwa maneno ambayo mtoto anayo tayari: "Mtu husita anapotaka kufanya jambo, kisha akasimama kidogo kabla ya kulifanya, kwa sababu hana uhakika au anaogopa." Maelezo hayo ni marefu kuliko ya kamusi, na hilo si kosa. Yana mtu, yana kitu anachokitaka, yana kusimama, na yana sababu. Ukiondoa mojawapo, mtoto atalishika neno nusu.

Kisha neno litendwe. Mwite mwanafunzi mmoja aende mlangoni kana kwamba ameitwa na mwalimu mkuu na hajui ameitiwa nini. Afike, ainue mkono kupiga hodi, aushushe, atazame nyuma. Darasa liseme, "Amesita." Sasa mwite wa pili, atembee kuelekea mlango huo huo, asimame katikati ya njia atoe mwiba mguuni, aendelee. Uliza, "Huyu naye amesita?" Wengi watasema ndiyo, kwa sababu hadi hapo wameshika kusimama tu. Usiharakishe kuwasahihisha. Uliza alisimama kwa nini, uliza kama alikuwa na hofu au hakuwa na uhakika wa kwenda, nawe utaona baadhi ya nyuso zikibadilika. Mfano usio wa neno hufundisha sawa na mfano wa neno, na katika vitabu vingi vya kiada haupo kabisa. Lazima mwalimu autunge mwenyewe.

Baada ya hapo uliza maswali yanayomlazimisha mtoto kupima. "Ng'ombe wenu wameingia katika shamba la mtama la jirani. Utasita kuwatoa, au utakimbia kuwatoa?" "Umeambiwa uvuke mto uliojaa maji ya mvua. Utasita? Kwa nini?" Mtoto mmoja atasema angesita, mwingine atasema asingesita, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi wakitoa sababu inayokubaliana na neno. Mwisho wape sentensi isiyokamilika, wamalizie wawili wawili kwenye dawati: "Nilisita ku... kwa sababu..." Kile kipande cha "kwa sababu" ndicho kipimo chako. Mtoto anayesema "Nilisita kuchuma embe kwa sababu mti ulikuwa wa bibi" amelipata neno. Anayesema "Nilisita kuchuma embe kwa sababu ni tamu" bado, na sasa unajua wa kumrudia.

Kazi yote hiyo huchukua dakika kumi hivi. Usifanye hivyo kwa maneno manne katika kipindi kimoja cha dakika 40. Fanya kwa mawili, na mengine siku inayofuata.

Katika Kiswahili neno likishashikwa linapaswa kuoneshwa katika maumbo yake, kwa sababu mtoto hatakutana na "kusita" likiwa limekaa peke yake kama lilivyo ubaoni. Atakutana na alisita, husita, usisite, wakasitasita, na hasa "bila kusita", ambayo waandishi wa hadithi wanaipenda sana. Andika maumbo hayo moja chini ya jingine, pigia mstari sehemu ya "sit" katika kila moja, wao wenyewe watambue kisichobadilika. Mazoezi haya yanampa mtoto uwezo wa kulivua neno asilolijua viambishi vyake na kuona kama ndani yake kuna shina analolijua. (Kusitisha liache kwa sasa. Maana yake imeelekea kwenye kukomesha jambo, nalo litawachanganya.)

Kuamua ni rahisi zaidi kwa njia hiyo, kwa kuwa lina familia ambayo watoto wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Waulize anayepuliza filimbi katika mpira anaitwa nani. Baadhi watasema refa. Wengine waliosikiliza matangazo ya mpira redioni watasema mwamuzi. Mwamuzi hufanya nini? Huamua. Anachokitoa kinaitwaje? Uamuzi. Ukitoka hapo urudi kwa fisi, swali lako linajitokeza lenyewe: fisi aliamua nini? Hakuamua. Alisita, akataka njia zote mbili, na ndiyo maana yakampata yaliyompata. Hapo maneno mawili ya wiki yameelezana, na hadithi imeeleweka kwa undani kuliko pale ulipowaambia tu kwamba tamaa ni mbaya.

Tamaa lina mtego wake. Katika hadithi ya fisi ni ile hali ya kutaka kupita kiasi, lakini wiki chache baadaye watasoma kwamba mkulima "hakukata tamaa", na mtoto makini atajiuliza kwa nini kukata kitu kibaya kuwe kubaya. Usilitie jambo hilo katika somo la kwanza. Subiri siku "kukata tamaa" itakapotokea katika hadithi, kisha ukumbushe kwamba tamaa ni kutaka, na kwamba kutaka kunaweza kuzidi na kunaweza kukatika.

Kuhusu Kisukuma, lugha ya kufundishia katika shule yako ni Kiswahili, nami sikushauri uigeuze. Ninachokushauri ni kutoiogopa lugha ambayo mtoto amekuja nayo. Jambo la kusita analijua. Alilijua siku ya kwanza alipotumwa dukani usiku. Kinachokosekana ni jina lake la Kiswahili. Baada ya maelezo na igizo, uliza, "Nyumbani mnasemaje?" Acha watoto wawili watatu waseme, wakubaliane au wabishane kidogo, kisha uirudie sentensi ya Kiswahili na muendelee kwa Kiswahili. Ikiwa wewe mwenyewe si Msukuma, muulize mwalimu mwenzako kabla ya kipindi ili usipotoshwe, kwa sababu neno la Kisukuma linaweza kuwa pana au finyu kuliko la Kiswahili. Kwa sababu hiyo hiyo, usiishie kwenye tafsiri. Sentensi na mfano lazima vibaki. Nusu dakika ya Kisukuma iliyotumika vizuri huokoa dakika nyingi za kuzunguka.

Wanafunzi 80 nao wana hila yao, na hila hiyo ni kuitikia kwa pamoja. Darasa kubwa likiitikia "Ndiyooo" au likitamka neno kwa sauti moja, mwalimu husikia ujuzi ambao haupo, kwa kuwa sauti za watoto 20 wanaojua zinawafunika 60 wanaofuata. Kutamka pamoja kuna kazi yake, nayo ni kuuzoeza ulimi, usikutumie kupima. Unapotaka kupima, waambie wafumbe macho, kisha waoneshe gumba juu kama mtu unayemwelezea amesita, na chini kama hajasita. Macho yakiwa yamefumbwa hakuna wa kumwiga. Na unapotaka waseme, tumia wawili wawili wa dawati moja, kila mmoja amwambie mwenzake sentensi yake huku wewe ukipita na kusikiliza madawati matano leo, matano mengine kesho. Kutakuwa na kelele. Hizo ni sauti za watoto 40 wanaotumia neno kwa wakati mmoja, jambo ambalo kunyoosha mikono hakuwezi kukupa.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni kurudia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alieleza kwamba mambo tunayojifunza hupotea kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushikilia kumbukumbu kuliko marudio mengi yaliyorundikwa mara moja. Karne moja baadaye, mwaka 1987, William Nagy, Richard Anderson na Patricia Herman walipima wanafunzi wa Marekani wa darasa la tatu, la tano na la saba, wakakuta kwamba uwezekano wa kujifunza neno kwa kukutana nalo mara moja tu katika kusoma ni takribani mmoja katika 20. Neno linahitaji kukutwa mara nyingi, mahali tofauti tofauti. Mwanafunzi wako amekutana na "kusita" mara moja ubaoni, mara moja daftarini na mara moja katika hadithi, zote ndani ya saa moja, kisha basi. Kusahau kwake ni jambo la kutarajiwa.

Kwa hiyo panga marudio kama unavyopanga masomo. Tuseme hadithi inaanza Jumatatu. Siku hiyo fundisha njiapanda na usome kwa sauti. Jumanne soma mara ya pili, ufundishe kusita na tamaa. Jumatano fundisha kuamua, kisha wasome wenyewe katika makundi ya kitabu kimoja. Ijumaa, madaftari yakiwa yamefungwa, tumia dakika tano: eleza kisa kifupi cha sentensi mbili, nao waseme ni neno lipi kati ya manne linafaa. Jumanne inayofuata dakika tano nyingine, maneno ya zamani yakichanganywa na mapya. Baada ya wiki mbili, tena. Ukifuata mwendo huu kwa wiki 30 za masomo, mwaka utaisha watoto wakiwa na maneno 120 wanayoyamiliki, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko maneno 360 yaliyolala madaftarini.

Wewe mwenyewe ndiye marudio bora zaidi. Katika hisabati sema, "Usisite kuniuliza." Wakati wa kupanga zamu ya kufagia sema, "Leo kundi la kwanza liamue." Kengele ikilia na kazi haijaisha, sema, "Msikate tamaa, tutamalizia kesho," kama neno hilo limeshafundishwa. Watoto hulitambua neno lao kinywani mwa mwalimu, na utawaona wakitazamana.

Tafuta pia kiroba cheupe cha unga, ukikate ukikunjue, uandike maneno ya wiki kwa kalamu nene, ukitundike ukutani. Usiandike maana, chini ya kila neno andika sentensi moja nzuri iliyotungwa na mwanafunzi. Mtoto atakayelisikia neno la kirobani nje ya darasa, iwe redioni, msikitini, kanisani au kwa kaka yake wa Darasa la Sita, aje aeleze lilivyotumika, nawe utie alama ndogo kando ya neno. Kazi hii haina gharama, na inawafanya watoto wawe macho kwa lugha muda wote. Picha na vitu halisi tumia kwa yale yanayoonekana, lakini usitegemee picha kwa tamaa wala kusita.

Upimaji ubadilike pamoja na ufundishaji. Ukiendelea kuuliza "Nini maana ya tamaa?" watoto wataendelea kukariri, kwa sababu wao hujifunza kile kinachoulizwa. Uliza, "Neema alikuwa na mandazi mawili, akachukua na la mdogo wake. Neno gani linamfaa?" Uliza, "Maliza: Mwamuzi alipuliza filimbi, kisha akaamua..." Maswali ya namna hii pia yanawaandaa kwa ufahamu watakaokutana nao katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambapo mtoto huhitaji kulielewa neno likiwa ndani ya habari. Na kwa wale ambao wamefika Darasa la Tatu bila kusoma vizuri, usiwatenge katika kazi hii. Kwa kuwa sehemu kubwa yake ni ya kusikiliza, kutenda na kusema, wao wanaweza kuwa miongoni mwa wanaong'ara, na maneno watakayoyapata kwa masikio yatawarahisishia kuyatambua watakapoyakuta kwenye maandishi.

Kamusi isikusumbue kwa sasa. Mtoto wa umri huo hupata tabu kuitafuta "alisita" asipojua kwamba aende kwenye S, na akiipata hukumbana na maelezo yaliyoandikiwa watu wazima. Nakala moja ya kamusi ya Kiswahili sanifu katika ofisi ya walimu inatosha, kwa ajili yako wewe unapotayarisha maelezo yako rahisi.

Mwisho, umeuliza kama uache kabisa kazi ya kunakili. Usiiache, kwa sababu watoto wa Darasa la Tatu bado wanahitaji kuzoeza mkono na tahajia. Badilisha tu wanachonakili na wakati wa kunakili. Wanakili Jumatano, baada ya kusikia, kutenda na kusema. Kwa kila neno, mtoto anakili sentensi ya hadithi yenye neno hilo, apigie neno mstari, kisha chini yake aandike sentensi aliyomwambia mwenzake wa dawati. Ya kwanza utaisahihisha kwa tahajia na ya pili kwa maana. Kwa darasa la watoto 80 huwezi kuzisoma zote kila wiki, kwa hiyo kusanya madaftari ya safu moja kila Jumatano, na safu nyingine wiki itakayofuata.